Hodi Kwenye Kabati la Seli

Mtafiti wetu mkuu hafungui kabati la joto, tunamokuzia seli za mapafu, bila kupiga hodi. Sisi wa maabara huitikia kwa niaba ya seli: "Karibu, dada!" Vidole vyake vimechubuka kwa kuoshwaoshwa, na chupa huzishika kama mayai. Kirusi chenyewe, kile cha ugonjwa wa mapafu tunaoutafutia dawa, hakimshughulishi. "Hicho kinyonga tu, kila leo kina rangi mpya," husema. "Mimi namtafuta mwenyeji anayekifungulia mlango," yaani protini moja ya seli zetu wenyewe. Jana dawa yake iliiziba. Akainama kwenye darubini, akakawia kuinuka. Hakuna kirusi kilichoingia, ila seli zote zilikuwa zimekufa, kwa kuwa mlango huohuo ndio uliokuwa ukizipitishia chakula. Simu ikalia. Kwa sababu ya glavu, akaiweka kwenye spika. Alikuwa mdogo wake, aliyelazwa kwa ugonjwa huohuo. "Dada, dawa imekizuia?" "Imekizuia, mdogo wangu. Hakikuingia hata kimoja." Wakacheka kidogo, wakaagana. Akarudi kwenye kabati kuchukua chupa nyingine. "Hodi," akasema, kwa sauti yake ya kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuitikia.