Kuishusha Baiskeli ya Mume Wangu

Baada ya arobaini ya mume wangu, ndugu zake walikuja kwangu Rooty Hill, mtaa tulioishi huku ughaibuni, kugawa vitu vyake. Baiskeli yake ya milimani ikawa fungu la mdogo wake. Niliomba kwanza niishushe mara moja kwenye mlima alikozoea kuiendesha.

“Shemeji, wewe? Hata breki huzijui!” akacheka, lakini akanipeleka.

Viti vinavyovutwa kwa kamba ya chuma vilinipandisha ndani ya ukungu, shemeji akibaki chini, baiskeli ikining’inia nyuma. Sikuiendesha. Niliishika usukani, nikateremka kwa miguu pembeni mwa njia, waendeshaji wakinipita kama upepo. Gurudumu lilikuwa likilia taratibu kando yangu, na kwa kitambo nilitembea na mume wangu.

Chini, shemeji alinyoosha mikono kuipokea. Nilimwomba nirudie mara moja tu. Safari hii hakunitania.