Mkebe wa Mwisho wa Ngosha

Harufu ya magunia yaliyolowa maji hunirudisha Nyahanga, pale Kahama, mpaka leo. Ukumbi wetu wa sinema ulikuwa ghala la pamba zamani, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana madirisha yake yalizibwa kwa magunia mabichi ili giza likae na vumbi lisiingie. Ndani mlinukia karanga za kukaanga na moshi wa jenereta. Mwenye ukumbi alikuwa Bwana Hasmukh, Mhindi mfupi mpole, na mkalimani wake alikuwa baba yangu. Baba alisimama kando ya kitambaa cheupe na bua la mtama mkononi, akatueleza kwa Kiswahili kila kilichosemwa kwa Kihindi, na palipochangamka alichomekea Kisukuma. Watu waliamini anakijua Kihindi kwa sababu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye maduka ya Wahindi. Kumbe Kihindi chake kilikuwa cha bei na mita za vitambaa tu.

Stelingi wetu, yaani shujaa wa picha, alikuwa mmoja. Picha zake zilikuwa tatu, zikizungushwa mwaka mzima, na hakuna aliyechoka. Jina lake la kweli hatukulijua. Baba alimwita Ngosha, yaani dume, na mji mzima ukamwita hivyo. Alikuwa na kovu shavuni na farasi mweusi, akivamia misafara ya matajiri na kuwagawia wanyonge. Ndivyo alivyosema baba, nasi ni nani tubishe? Wachunga ng'ombe walijichora kovu kwa masizi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nakaa mstari wa mbele, na nilimpenda Ngosha kuliko ndugu zangu wa damu. Sioni haya kusema. Kero yangu ilikuwa moja tu: picha ya tatu haikuwa na mwisho. Ngosha akishazingirwa mlimani na yule askari aliyemwinda siku zote, taa zinawashwa, baba anapaza sauti, "Akapenya, akaenda zake!" na Bwana Hasmukh anafungua milango. Watu walipiga makofi. Mimi nilitoka nimenuna, maana nilitaka kumwona akipenya.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Bwana Hasmukh aliuza ukumbi, mashine na picha zote, akahamia Mwanza. Mnunuzi alikuwa Bwana Masanja, mtu aliyeangukiwa na nyota ya jaha kwenye dhahabu huko Bugarama. Siku moja kabla ya kuondoka, Bwana Hasmukh alikuja nyumbani kwetu na mkebe wa bati wa mviringo, umefungwa uzi mwekundu. "Baba Kabula, kaa na huu. Usimpe mtu." Baba akauliza kuna nini ndani. Mhindi akatazama chini. "Mwisho wa picha ya tatu. Lugha yetu hujui, ndugu yangu. Nilikuacha tu, kwa sababu watu walifurahi." Baba aliusukuma mkebe chini ya kitanda, akakaa kwenye kigoda mpaka chai yake ikapoa. Mimi niliyasikia yote nikiwa mlangoni, na nikashika jambo moja tu: mwisho wa Ngosha uko nyumbani kwetu.

Bwana Masanja alipaka ukumbi rangi ya kijani kibichi na kujiwekea kiti cha peke yake katikati. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alihesabu mikebe, akakuta mmoja haupo. "Picha nimeinunua nzima, nitaionyesha nzima," alimwambia baba. Baba akasema hajui ulipo. Wiki ile hakuimba akioga, na usingizi ulimpaa. Nilimwona, nikajisemea labda ana homa.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nikitoka kisimani nikapita mbele ya ukumbi. Bwana Masanja alikuwa kibarazani. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba. Wewe si Kabula, binti wa mkalimani? Eti mwisho wa Ngosha umekwenda wapi?" Hakunipa peremende, hakunitisha. Aliuliza tu. Nami, mpenzi mkubwa wa Ngosha kuliko wote, nikamwambia. Jioni yake mtu wake alikuja kuuchukua mkebe, na baba akampa.

Jumapili mama alimsihi, "Sema unaumwa." Baba akavaa koti lake. "Nisipokwenda ndiyo watajua," akasema. Ukumbi ulifurika, wengine wamekaa madirishani. Ngosha akazingirwa mlimani kama kawaida, ila taa hazikuwaka. Mkanda wa mkebe wa mwisho ukaanza kuzunguka. Wanakijiji, wale wale aliokuwa akiwagawia, wakamburuta kwa kamba. Bibi kizee ambaye baba alituambia ni mama yake mzazi akamtupia jiwe usoni. Wakamnyonga, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Mkalimani, sema!" mtu akapayuka. Baba akaelekeza bua kwenye kitambaa. "Huyo... huyo siyo Ngosha," baba akasema. "Ni mtu aliyefanana naye." Hapo Mama Nila, Mhindi muuza vitambaa, akaangua kicheko. "Baba Kabula jamani! Huyo ni jambazi tangu picha ya kwanza. Stelingi ni yule askari!"

Kisha nyuma mtu akaita, "Mwongo!" na ukumbi mzima ukaitikia. Baba akanitafuta kwa macho mstari wa mbele. Nilikuwa nalia, nimeonewa, nimeibiwa Ngosha wangu. Nikasimama juu ya benchi nikapiga kelele nikimtazama: "Mwongo!"

Baba hakukanyaga tena ukumbini. Aliishi miaka mingi, akauza chumvi sokoni, mtu wa maneno machache. Hakuniuliza kamwe nani alisema habari za mkebe.

Juzi mjukuu wangu alikuwa amefura kwa hasira. Kampuni fulani ya nje imenunua picha za shujaa wake, na anasema watamharibu. Nikamwambia aombe wasimalize hadithi. Akacheka. Nilipomsimulia habari za Ngosha, akachomoa simu: "Bibi, niitafute hiyo picha? Siku hizi wanaweka maandishi ya Kiswahili chini." Nikamwambia, weee, aache kabisa. Huko kwenye simu atamkuta jambazi mwenye kovu, basi. Ngosha alikuwa sauti ya baba, na aliyemtoa chini ya kitanda ni mimi.