Picha ya Mwalimu Salumu na Bwana Karimu

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa mficha uchi hazai, nitakusimulia pamoja na aibu yangu yote.

Nilikuwa kijana, nina kamera ya filamu, na hapa Bagamoyo sina mpinzani. Basi najiona! Mwalimu Salumu, mzee wa mtaani kwetu, akaniita niwapige picha yeye na wazee wenzake waliosoma zama za mkoloni, Waafrika shule yao, Wahindi yao. Rafiki yake Bwana Karimu, Mhindi mwenye duka la vitambaa, alikuwa anahamia Dar kwa wanawe kesho yake. Walicheza mtaa mmoja tangu utotoni, lakini kila asubuhi waliachana njia panda, na picha ya shule ya pamoja hawakuwahi kuwa nayo. Hiyo ndiyo waliyoitaka.

Nikawapanga uwanjani, jua la saa sita. Nikatazama: weupe watang'aa mno, weusi hawataonekana nyuso. Mimi fundi, bwana! Nikawatenga, Wahindi kulia, Waafrika kushoto, niwapige mafungu mawili.

Mwalimu Salumu akaniambia taratibu, "Kijana, Mwingereza alitutenga kwa sheria. Wewe watutenga kwa nini?"

"Jua, babu. Rangi zenu hazipatani mbele ya kamera."

"Basi mwenye kosa ni jua. Sisi tumekosa nini?"

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Karimu kule upande wake kainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

Lakini kosa moja haliachi mke. Nikawaomba radhi, nikawahamishia barazani kwenye kivuli, ambako mwanga umetulia. Pale kila uso ulionekana vizuri. Kumbe ni hatua kumi tu, uvivu wangu ndio ulioniponza. Bwana Karimu akamshika mwenzake mkono, akasema, "Salumu, leo tumekaa darasa moja." Nikalia nyuma ya kamera, wala sikuona haya.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda na simu yako kupiga picha shule zile zile na wazee waliosoma humo. Majengo yapige, lakini usiishie hapo. Waulize nani alikuwa rafiki wa nani, uwaweke bega kwa bega. Chombo chako kikitaka kuwatenga, hangaika wewe, wasihangaike wao. Na usiende na huzuni. Wajukuu wao nawaona wanakaa dawati moja, wanagombania rula, wala hawajui kama ni ajabu. Haya nenda, Mola akufungulie milango ya nyumba za watu, na wazee hao uwakute wazima.