Mazishi ya Sehemu ya Kwanza

Kilichonirudisha kwa dada yangu ni mzimu wa kwenye simu. Yeye anaishi Ijumbi, Muleba, kwenye kibanja walichotuachia wazazi, katikati ya migomba na mibuni. Mimi naishi Nyanga, Bukoba mjini, na nina kiduka cha dawa. Kwa muda mrefu tulikuwa tunapigiana simu kwa adabu tu. Habari za huko? Nzuri. Mvua inanyesha? Inanyesha. Haya, wasalimie. Tukimaliza hapo kila mmoja anashukuru yameisha.

Sikuwa nimemsamehe. Mama yetu alipofariki nilikuwa bado Dodoma. Nikapanda basi siku ileile, likatuharibikia tulipopita Kahama, tukalala njiani tukiwa tumejifunika khanga za watu tusiowajua. Nikampigia dada, nikamwambia nisubirini, kesho mchana nafika. Akasema sawa. Nilipofika kesho yake mchana nikakuta kaburi limeshafukiwa na wanawake wa jumuiya wanaosha masufuria. Sikupiga kelele. Mimi hasira yangu si ya kelele, ni ya kukaa. Nilikula nilichopewa, nikasubiri matanga yaanuliwe, nikarudi Dodoma bila kumuuliza kitu. Hata nilipohamia Bukoba, karibu kabisa na kwao, sikumuuliza.

Halafu ikaja ile tamthilia. Wateja wangu wote walikuwa wanaisema, nami nikanunua bando nikaanza kuiangalia. Ni hadithi ya familia moja ya mji wa ziwani, zamani zile za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Mama wa nyumba anakufa mwanzoni kabisa. Wanabaki binti mkubwa na mdogo wake wa kiume. Kila jioni redio ya marehemu baba yao ikifunguliwa kwa kipindi cha salamu, mama anatokea mlangoni pa jikoni. Hasemi neno. Anasimama, anatazama, kipindi kikiisha anaondoka. Nilipenda mno redio ile. Kwetu nayo ilikuwepo, na betri zake zilipochoka tulizianika juu ya bati zipate jua, tukarudisha tukasikia taarifa ya habari ya siku mbili zaidi.

Jioni moja nilimpigia dada kumjulisha kwamba jamaa yetu mmoja wa Buganguzi amelazwa hospitali. Tulipomaliza habari za mgonjwa akaniuliza, "Wewe nawe unaiangalia ile ya mama wa kwenye redio?"

"Naiangalia."

"Umeona wale walivyoanika betri? Hapo wamepatia."

"Wamepatia," nikasema. "Lakini yule mama mwenyewe, dada, hajui kuigiza."

Nikasikia anavuta kiti. Hatukuwa tumeongea kwa kuvuta kiti tangu msibani.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Dada yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini kwa kubishana angeweza kufungua ofisi. Alimaliza jioni nzima kwenye mikono ya yule mwigizaji. "Mama wa watu wa migomba," alisema, "amemenya ndizi maisha yake yote, vidole vyeupe kama vya daktari! Utomvu uko wapi? Na alivyokuwa anamenya yule kwenye ndoto ya mwanawe, waitu, utadhani anachonga penseli." Nilicheka mpaka mteja akaniangalia vibaya. Mimi nikamwambia la mikono namkubalia, ila sura ile ya mlangoni nayo haisemi kitu. Akasema, "Mae alikuwa anasimama vilevile. Umesahau? Ukikosea alikuwa hasemi. Anakusimamia tu mlangoni mpaka unaungama mwenyewe." Mae ndivyo tulivyomwita mama, kwa Kihaya chetu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Tangu wamzike, niseme.

Tuligombana zaidi juu ya binti mkubwa. Mimi sikumpenda hata kidogo. Mama yake amekufa, mzimu umesimama mlangoni, yeye anapepeta mchele. Anawapa wageni chai. Anamfokea mdogo wake kwa kutofunga banda la kuku. Machozi hakuna, sehemu baada ya sehemu. Nikamwambia dada kwamba huyo binti ni ubao, na aliyempa kazi hiyo lazima ni mjomba wake.

"Ubao?" Dada alipandisha sauti. "Huyo ndiye anayeigiza kuliko wote."

"Anaigiza nini? Uso haubadiliki."

"Akilia yeye, nani atapika? Yule kijana? Yule analia kila siku, na kila siku anapelekewa sahani."

Nikamwambia mtu anaweza kulia na kupika. Akaniuliza nimepika msiba wa nani. Na kweli, sijawahi kupika msiba wa mtu wangu. Tukaagana vizuri tu, lakini neno lile lilinikaa.

Labda ndiyo maana siku iliyofuata nilimchokoza. Tulianza kwa mwendo wa hadithi. Yeye alikuwa anasema inakwenda mbio, mimi nasema inajikokota, sehemu nzima watu wanatafuta mkebe wa sukari. Halafu nikasema, "Pale tu mwanzo ndipo walipokimbia. Yale mazishi yamepita kama tangazo la sabuni. Mtu kafa, hujakaa vizuri, keshafukiwa, watu wako kwenye chai. Haraka ya nini? Walikuwa wanakimbizwa na nani?"

Nilijua ninachosema, na yeye alijua. Nikatazama simu kama imekatika.

"Labda walikuwa na sababu," akasema.

"Sababu gani?"

"Waulize walioiandika."

Akakata. Siku zilizofuata nilipiga hakupokea. Akipokea ni kwa ile adabu yetu ya zamani, mvua inanyesha, wasalimie. Ikanijia hofu ya ajabu. Nilikuwa nimezoea sauti yake kila jioni, na tamthilia yenyewe ilikuwa imebakiza sehemu moja. Ikiisha, tungeongea nini? Niliweza kubaki na hasira yangu, nilikuwa nayo miaka, lakini nilichotaka kweli ni kujua kwa nini hakunisubiri. Na hilo hakuna mwingine wa kuniambia.

Sehemu ya mwisho ilipotoka nilimwandikia ujumbe: umeiona? Akajibu hana bando. Nikamtumia bando. Akajibu mtandao unasumbua. Mtandao wa Ijumbi husumbua kweli, unapatikana ukipenda wenyewe, ila siku zote yeye alikuwa anapanda hadi kigangoni, kwenye kanisa la mwinukoni, anapakua anateremka nayo. Nikaelewa kwamba hataki. Basi Jumapili nikafunga duka, nikapakua sehemu ya mwisho na ile ya kwanza pia, sijui kwa nini ile ya kwanza, nikaenda.

Nilimkuta amekaa jikoni nje anamenya ndizi. Aliniangalia, akaangalia mfuko wangu, akasema, "Karibu. Sukari umeleta?" Nilikuwa nimeleta. Akanipa kisahani cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima, na hilo liliniumiza kidogo. Nikachukua kisu cha pili nikaanza kumenya naye. Ndizi ya tatu akanipokonya kisu. "Unatupa nusu," akasema. "Kaa utafune kahawa yako."

Mvua ilianguka tulipokuwa tunakula. Tukaingia ndani, tukaegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, tukakaa mkekani bega kwa bega kwa sababu kioo ni kidogo.

Sehemu ya mwisho haikuwa kitu. Redio inaharibika, kijana anahamia mjini, mama anatokea mara ya mwisho bila redio, mchana kweupe, anatazama kuku. Nilikuwa na uhakika kwamba binti mkubwa atalia hapo. Waandishi wote huwa hawawezi kuvumilia. Lakini hakulia. Alimtazama mama yake, akasogea kidogo mlangoni kumpisha apite, akaendelea kupepeta. Yakapita majina ya waigizaji, ikaisha.

"Vizuri," dada akasema.

"Wangemwacha alie hata kidogo."

"Vizuri hivyohivyo." Akajifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Ile ya kwanza unayo?"

"Ninayo."

"Weka pale pa mazishi."

Nikaweka. Nilichelewa kupata mahali penyewe. Jeneza likatoka nyumbani kwa wale watu wa tamthilia, kwa mlango wa nyuma, limebebwa na wanaume wenye suti. Dada akanyoosha kidole chenye utomvu akabonyeza, picha ikasimama.

"Hapa wamekosea," akasema. "Mae walimtoa mlango wa mbele, kwa sababu huku nyuma kulikuwa na mafiga na masufuria. Wakapita njia ya mibuni. Waliobeba ni vijana wa jumuiya, na mmoja alikuwa mfupi, jeneza likawa linainamia upande wake. Nikamwambia atoke, akakataa."

Akabonyeza, watu wakatembea hatua chache. Akasimamisha tena.

"Hawa kwaya yao inaimba vizuri mno. Yetu walianza juu, sauti ya pili wakashindwa, wakaacha katikati wakaanza upya. Ungekuwepo ungecheka. Mae angeguna."

Niliogopa hata kupumua, asije akaacha. Alikuwa anaongea akitazama kioo, kwa sauti ileile aliyokuwa anakosoa nayo waigizaji. Akanionyesha alipokuwa amesimama katekista. Akaniambia mvua ilianza kwenye somo, jirani yetu mmoja akafungua mwavuli akaushika juu ya kitabu, mwenyewe akalowa. Picha ilikuwa inakwenda kidogo, inasimama kidogo. Mazishi niliyoyaita tangazo la sabuni yalituchukua mpaka mvua ikapungua.

"Alivaa nini?" nikauliza.

"Lile gauni la kijani ulilomtumia. Lilikuwa linabana mabegani, nikalikata mgongoni. Halikuonekana."

"Na mikono?"

"Nilisugua na limau. Nikasugua na majivu. Utomvu haukutoka. Nikasema basi, aende nao, atajulikana."

Nikaona kama siulizi sasa sitauliza tena. Nikamwambia, "Dada, kwa nini hukunisubiri?"

Hakugeuka. Kwenye kioo wale watu wa suti walikuwa wamesimama na jeneza lao hewani.

"Wazee waliniuliza," akasema. "Tusubiri au tuzike? Walikuwa tayari kusubiri, usije ukadhani ni wao. Mimi ndiye niliyesema tuzike. Ulinipigia kutoka huko njiani unalia. Nikajua ukiingia mlango huu nitalia, na nikianza sitanyanyuka. Na watu walikuwa wamejaa mpaka migombani, wanasubiri kula. Nikaogopa. Nikaona bora azikwe nikiwa bado nimesimama."

"Uliniambia sawa."

"Nilikuambia sawa."

Sitasema kwamba hasira ilinitoka hapohapo. Haikutoka. Niliona ni haki yangu kumwona mama yangu, na naona hivyo hadi leo, na nilimwambia. Akasema, "Ni haki yako." Hakujitetea. Mtu aliyemtetea yule binti wa tamthilia kwa nguvu zote zile, yeye mwenyewe hakujitetea hata kwa neno moja. Nikamwangalia uso wake kwa upande. Ulikuwa mkavu, na safari hii nilimwelewa.

Akabonyeza. Jeneza likashuka. Binti wa tamthilia akainama, akachukua udongo, akatupa, akajipangusa. Dada akasimamisha picha, vidole vya yule binti vikabaki hewani, vyeupe.

"Na hapa," akasema, "yeye ametupa mara moja. Mimi nilitupa mara mbili. Ile ya pili nilitaja jina lako, kwa sauti, ili Mae asikie."