Atachimenti

Asubuhi hiyo nilitoka Timboroa bila mpango, nikafika Eldoret. Nje ya ofisi ya wakili nilimkuta msichana anayesomea sheria, ameshika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo ya kazi, wanayoyaita atachimenti. Ofisi nne zilikuwa zimemkataa, na hii ya tano aliogopa kuingia. Mimi niliacha shule mapema, sina aibu. Nikatangulia hadi kwa karani.

"Mama, tumekuja kwa atachimenti."

Karani akakumbatia kompyuta. "Madalali! Hapa hambebi kitu!"

Kumbe kwa mawakili neno hilo pia ni kukamata mali ya mdaiwa, kazi ya madalali.

"Hatubebi, Mama. Tunawaachia huyu."

Wakili akatoka akicheka, akaisoma barua. "Aanze Jumatatu."

Aliposikia sina pa kulala, msichana alinipeleka kwa shangazi yake mtaa wa Kapsoya, anayepangisha vyumba. Akanitambulisha: "Huyu ndiye dalali wangu."