Kapteni Aliyebebeshwa Wanawake

Kinyozi wetu tulimwita Kapteni, na jina hilo nusura limkoseshe mke.

Asubuhi alinyoa watu kwenye kibanda kilichopakana na chumba cha video. Mchana alisimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitusimulia filamu, maana zilikuwa za lugha ya kigeni na wengi wetu hatukuijua. Kazi hiyo inataka ulimi. Nimewasikia wengine, lakini huyu aliweza hata kukohoa kama mgonjwa wa kwenye filamu.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kapteni wa chombo cha angani, anayezunguka kwenye nyota akikutana na malkia wa kila rangi. Kila mwanamke akitokea, kinyozi alikuwa na neno. "Mrembo, nimepita nyota zote, taa ni wewe tu!" Tulivunjika mbavu. Basi yule kapteni akajulikana mtaa mzima kuwa hapiti sketi bila kusimama, na kinyozi naye akabebeshwa jina pamoja na tabia. Hakuna aliyewahi kumkuta na mwanamke, lakini nani aliuliza?

Kisha akamposa muuguzi wa zahanati. Muuguzi alikubali. Wazazi wa muuguzi walishafariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Siku aliyokuja kibandani mimi nilikuwa kwenye kiti, povu kidevuni.

"Dada yangu simpi mhuni."

"Mhuni nani, shemeji?"

"Usiniite shemeji! Maneno yako machafu nayasikia hadi karakanani kwangu."

"Yale ni ya kapteni wa filamu, kaka."

"Anayasema yeye, au unayasema wewe?"

Wembe wa kinyozi ulisimama kooni pangu. Sikuthubutu kumeza mate.

"Mwanangu," nikasema taratibu, "jibu, au uondoe huo wembe."

"Nayasema mimi," akajibu. "Kapteni mara nyingi anauliza njia tu."

"Haya. Leo tunakuja, mimi na dada. Lugha ile anaijua, ndiyo aliyosomea kazi yake. Utasimulia kilichosemwa. Ukiongeza hata neno moja, posa yako utaikuta mlangoni."

Mchana chumba kilijaa hadi dirishani. Mwenye chumba alikwishaonya: kinyozi akiwakimbiza wateja, kipaza sauti kinakwenda kwa mwingine. Muuguzi alikaa benchi la mbele, mkoba mapajani, hageuki. Kinyozi alikuwa anatoka jasho kama anayenyolewa yeye.

Malkia wa kwanza akatokea, wa kijani. Watu wakainama mbele.

"Anamuuliza... maji ya kupoza injini yako wapi."

Miluzi ikaanza. "Wee Kapteni, umeugua?"

Wa pili akambusu kapteni. Watu wakashangilia.

"Huyu anataka ufunguo wa chombo. Kapteni anajua. Anamchelewesha tu, wenzake watoroke."

"Turudishie kapteni wetu!" mtu akapiga kelele. Mwenye chumba akaanza kusogea kutoka mlangoni, macho kwenye kipaza sauti.

Wa tatu kapteni alimpenda kweli, hilo hata mimi niliona bila kuambiwa. Alimwacha kwenye mlango wa chombo, kwa kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa ya majeruhi. Kinyozi alisimulia kwa sauti ya chini, "Nisamehe," na miluzi ikaisha yenyewe.

Fundi akasimama, kivuli chake kikafunika televisheni nzima. "Dada. Ameongeza?"

Muuguzi akageuka. "Ameongeza."

Kinyozi akashusha kipaza sauti.

"Kapteni hakusema nisamehe," muuguzi akaendelea. "Aligeuka akaenda zake. Hilo nisamehe ni la huyu." Akafungua mkoba, akaufunga tena. "Kaka, mimi najua tangu siku ya kwanza kwamba anatunga. Kapteni aliomba dawa ya kidonda, huyu akamwambia yule malkia ana macho ya asali. Nilicheka hadi nikatoka nje. Kesho yake nikarudi, nisikie atasema nini tena."

Fundi alimtazama kinyozi. Mwisho akakaa, benchi likalia.

Hadi leo mtu akiniuliza kama yule kapteni alikuwa mpenda wanawake, namwambia alipenda chombo chake. Wanawake alipewa na kinyozi.

"Irudishe mwanzo," fundi akasema. "Yule wa kijani mpe maneno yake ya zamani. Watu wanasinzia, shemeji."