Fundi Picha Anayeipaka Kamera Mafuta

"Hivi mama, hiyo kamera yako ina mtoto wa jicho?"

Ndivyo fundi picha alivyoulizwa na jirani yake, muuza mitumba wa mlango wa pili, siku jirani huyo alipokabidhiwa picha yake ya kwanza. Swali likazunguka mtaa mzima, na tangu hapo fundi picha huyu anaitwa Mama Ukungu.

Saa tatu asubuhi yuko kazini, kidole cha mwisho ndani ya kopo la mafuta ya mgando. Anayapaka pembeni mwa kioo chembamba, katikati anapaacha peupe, kisha anakishika mbele ya lenzi. Rangi zinalainika na kuingiliana, utadhani zimepakwa kwa brashi.

"Picha kali, isiyo na ukungu, kila mtu anayo kwenye simu," anasema. "Mimi nampiga mtu vile anavyokumbukwa, siyo vile alivyoamka."

Siku nyingine huiacha lenzi wazi sekunde nzima huku akiiyumbisha kamera. Mteja mmoja alidhani fundi kapandwa na homa, akamkimbilia na kiti.

Kwa wiki hupata wateja watano. Watatu hurudi kulalamika.

Leo kuna zito zaidi. Mwenye nyumba, bibi mwenye ulimi wake, ameingia na kufuli jipya. Amechoka nyumba yake kuchekwa. Chumba hiki cha picha anataka kumpangisha msusi. Ila asije akasemwa hana huruma, apigwe picha moja, tena safi. Ikitoka na ukungu, kufuli linapachikwa leo hii.

Mama Ukungu anatazama kitambaa cha kufutia kioo. Anatazama kopo. Midomo inamcheza kwa dua fupi, halafu anachovya kidole.

Mashine ya kuchapia inapoitoa picha, bibi anaishika kwa mikono miwili, anaisogeza mbali, anairudisha karibu.

"Mikunjo yangu iko wapi?"

"Ipo, bibi. Imepumzika tu."

Bibi hacheki. Anaitazama tena, muda mrefu. "Huyu ni mama yangu," anasema polepole. "Mama yangu kabisa."

Mama Ukungu hajui ashukuru au aanze kufungasha, basi anaanza kueleza mipango yake: Mungu akijalia, picha zake zitundikwe ukutani kwenye zahanati, wagonjwa wanaosubiri wapate cha kutazama zaidi ya kutazamana wao kwa wao. Na hapa chumbani, kama atakuwepo…

Bibi anaibana picha kwapani, analitumbukiza kufuli kwenye mkoba, na kutoka.